Mama Alipokuwa Poste wa Timu ya Pweza

Juzi nilifungua boksi la mipira mipya iliyoletwa kwenye shule ninayofundisha hapa Nampula. Sikuwa nimejiandaa. Harufu ya mpira ambao haujawahi kugusa ardhi ilinipanda puani, harufu kali ya raba na ya dukani, nikajikuta nimekaa sakafuni, boksi nimelipakata, na wanafunzi wamesimama mlangoni wakitazamana. "Professora, unaumwa?" mmoja akauliza. Nikamwambia siumwi, nimemkumbuka mama.

Mama alitutoka mwaka jana. Tulimzika hapahapa, mbali na makaburi ya kwao Mocímboa, mji ambao sisi na majirani zetu tuliukimbia vita ilipoingia, na nguo za mwilini tu. Matangani watu walisimulia habari zake nyingi: uvumilivu wake, mapishi yake, namna alivyotubeba safarini. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyesema kwamba mwanamke yule alikuwa akiruka, na mimi siku ile nililemewa, sikuweza kusema. Basi wacha niseme sasa, kwa wenzangu mliokua miaka ileile, mnaokumbuka mji wetu ulivyokuwa gesi ilipogunduliwa.

Jina lake Anifa. Alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa mtaa wetu wa Nanduadua, na alimpita baba kwa kichwa kizima. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mfupi na mpole, sindano hazikumtoka mdomoni, kiasi kwamba aliongea kwa upande mmoja wa midomo. Walipotembea pamoja watu waliwacheka. Baba hakukasirika hata siku moja. "Jua la hapa kali," alikuwa akiwajibu. "Wenzenu tumeoa kivuli."

Asubuhi mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha Mzee Bacar, karibu na soko la samaki. Alinyanyua mapande ya barafu marefu kama milango, akayapasua kwa nyundo na kuyapakia kwenye makasha ya wachuuzi. Alirudi nyumbani mchana mikono imekuwa baridi, na mimi nilipenda aniwekee kiganja shingoni, nikapiga kelele, tukacheka. Alasiri, baada ya sala, alivaa raba zake akaenda uwanjani.

Mzee Bacar ndiye aliyekuwa mfadhili wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu. Kwenye karatasi timu ilikuwa na jina refu la Kireno, lakini mji mzima uliiita Pweza, kwa sababu, walisema, ukiukamata mkono mmoja kuna mingine saba inakukaba. Wachezaji wengi aliwaajiri yeye mwenyewe kiwandani au dukani, kisha mwisho wa mwezi akawaongezea kitu kidogo kwa ajili ya mchezo. Kocha wao, Mestre Alberto, Mmakonde wa kutoka Mueda aliyefundisha mazoezi ya viungo shuleni kwetu, aliwaeleza wageni kwa fahari kwamba timu yetu ni ya kulipwa nusu. Mimi nilikaa siku nyingi nikimtazama mama, nikijiuliza ni nusu ipi inayolipwa. Nikaamua ni ya juu, maana ndiyo iliyofika kwenye kikapu.

Uwanja ulikuwa nyuma ya shule, sakafu ya saruji ya zamani, nyufa zake zimejaa mchanga na vigae vya chupa. Ringi zilitengenezwa na mchomeleaji wa pale bandarini, na badala ya wavu wa dukani tulifunga kipande cha wavu wa kuvulia dagaa. Mpira ulipopita katikati bila kugusa chuma, ule wavu haukulia. Ulipumua tu, kama mtu anayetua mzigo. Nikiwa kitandani leo hii, nikitaka usingizi, huwa naisikia sauti ile.

Siku moja, nikiwa darasa la nne, nilimsikia Mestre Alberto akimwambia Mzee Bacar, "Anifa ndiye poste wangu. Bila yeye tumekwisha." Mimi poste niliyoijua ilikuwa moja tu, ile nguzo ya umeme iliyosimama mbele ya nyumba yetu, ambayo mbuzi walijikunia. Nilirudi nyumbani nalia. Mama aliponiuliza nikamwambia mwalimu amekutukana, amekuita nguzo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, poste ni yule anayesimama chini ya kikapu. Wenzake wote wanamtegemea, na maadui wote wanamgonga." Akafikiri kidogo. "Hata hivyo hujakosea sana. Nguzo ni nguzo."

Kisha gesi ikaja. Gesi niliyoifahamu ilikuwa ndani ya mitungi, dukani kwa Mzee Bacar, imefungwa mnyororo. Kwa hiyo niliposikia imeonekana gesi nyingi chini ya bahari, niliamini kuna mitungi imelala mchangani huko nje ya kisiwa cha Vamizi, imejipanga kama matikiti shambani, na wageni wamekuja kuiokota mmoja mmoja. Helikopta zilipita juu yetu tukiwa darasani na mwalimu akanyamaza mpaka zimalize. Vyumba vilipanda bei. Akina mama waliokuwa wakiuza mihogo wakaanza kuuza chakula cha sahani. Wachuuzi walivuka mto Rovuma pale Namoto na mabeseni na mashuka kutoka Tanzania, wakauza yote kabla ya adhuhuri. Kila mtu alikuwa na shemeji au binamu aliyeahidiwa kazi.

Mojawapo ya makampuni yaliyoleta mitambo liliunda timu yake ya wanawake huko Pemba. Walikuwa na basi lao, raba mpya za rangi moja, na wachezaji wawili walioletwa kutoka Maputo. Wakaanza kupita miji midogo kutafuta wengine. Na hapo ndipo mambo yalipotufikia nyumbani.

Tulikuwa uani kabla ya magharibi. Mama alikuwa akipepeta mchele, baba anapinda upindo wa kanzu ya mtu, bibi, mama yake baba, amekaa mkekani na tasbihi yake.

"Lúcia wameshamnunua," mama alisema. "Anaondoka Jumamosi."

Lúcia alikuwa shoga yake mama, msichana wa bara, Mkristo, mfupi na mwepesi kama ndege chozi. Yeye ndiye aliyekuwa akiuleta mpira kutoka nyuma na kumpa mama chini ya kikapu. Kila Idi alikula kwetu, na kila Krismasi tulikula kwao.

"Na wewe?" baba akauliza.

"Na mimi wananitaka. Bwana wao anakuja kesho kutazama mazoezi."

Baba akatoa sindano mdomoni, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara. "Wakikununua wewe, na sisi je?"

Mama akaendelea kupepeta.

Hakuna aliyekumbuka kwamba mimi nipo. Na hakuna aliyejua kwamba mimi neno kununua mtu nilikuwa nimelisikia mahali pamoja tu, kwa bibi. Bibi alikuwa ametusimulia namna watu wa bara walivyoteremshwa pwani zamani, wamefungwa shingo kwa shingo, wakanunuliwa na kupakiwa majahazini, na bibi wa bibi yake alikuwa mmoja wao, ila yeye alitoroka akajificha mikokoni siku tatu. Simulizi ile niliijua kwa moyo. Sikuwahi kudhani ingerudi, tena na basi lenye viyoyozi. Sikula. Nilimshika mama kanga nikalala naye, na mama akadhani nina homa.

Kesho yake nilikwenda uwanjani na sare yangu nyeupe ya shule. Bwana wa kampuni alikuwa amefika. Watu walimwita Injinia, ingawa kumbe kazi yake ilikuwa kushughulikia wafanyakazi tu. Alitoka kusini, kijana wa heshima, shati limenyooka, na alimsalimu kila mtu kwa mkono, hata sisi watoto. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Niliona anatuchagua.

Mama alicheza siku ile kama mtu anayejua anatazamwa. Aliruka, akaudaka mpira uliogonga ubao, akageuka hewani na kuurudisha ndani. Injinia akaitikia kwa kichwa, akasema na Mestre Alberto kwa Kireno, na sikio langu likakamata: tunamchukua.

Sijui miguu yangu ilifikaje. Nilijikuta nimesimama mbele yake, mikono nimeirudisha nyuma kama tulivyofundishwa kusimama tunapojibu swali, nikasema kwa Kireno cha darasani, neno moja moja, kama ninayesoma ubaoni: "Mama yangu hauzwi."

Watu waliangua kicheko. Lúcia alicheka akaegemea nguzo ya kikapu. Injinia mwenyewe alitabasamu. Mama peke yake hakucheka. Alikuja akachuchumaa, na hata akichuchumaa tulikuwa sawa kwa urefu.

"Nani amekwambia ninauzwa?"

"Wewe. Ulisema wamemnunua Lúcia, na wewe wanakutaka. Bibi alisema wanaonunuliwa hawarudi."

Nilimwona Lúcia anaacha kucheka. Mama alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akasimama urefu wake wote, akamgeukia mgeni. Kireno chake hakikuwa kizuri, alisoma miaka mitatu tu, kwa hiyo alisema kwa lugha yetu na Mestre Alberto akatafsiri.

"Mtoto ameshanisemea. Mimi siuzwi. Lakini kazi ninaitaka. Kama mna kazi ya kweli, niambie."

"Kazi ipo, jikoni kambini," Injinia akasema. "Ila, mama, anayefanya kazi kwetu anachezea kwetu. Ndio utaratibu."

"Basi hatujaelewana."

"Fikiria. Una muda."

"Nimefikiria. Karibu chai."

Injinia akaenda kunywa chai kwa Mzee Bacar, na Jumamosi Lúcia akapanda basi peke yake. Alilia, mama akamwambia asilie, ana wadogo zake wanne wa kusomesha na hakuna atakayemlaumu. Hapo mama alikosea. Mji ulimlaumu Lúcia sana. Hata kabla basi halijavuka njia panda ya Awasse, wachuuzi sokoni walikuwa wameshaanza kumwita msaliti.

Ligi ya mkoa ilikwenda miezi kadhaa. Bila Lúcia, Mestre Alberto alimfundisha msichana wa kutoka Mbau kuleta mpira, na alikuwa akiupoteza mara nyingi, na mama akilazimika kurudi kumsaidia. Nakumbuka magoti yake jioni, yamevimba kama mafenesi machanga. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi na chumvi ya moto huku akinung'unika. Bibi hakuupenda mchezo. Alisema mwanamke aliyeolewa kurukaruka mbele za watu ni mambo ambayo hata shetani hakuyafikiria. Lakini alimkanda kila jioni, mpaka uvimbe ulipotulia.

Pweza wakafika fainali. Na fainali, kwa kura, ikaangukia kwetu, kwenye uwanja wetu, na waliokuja ni wale wale wa Pemba, timu ya kampuni.

Baba alishona jezi mpya kwa mikono yake, za buluu, mikono mirefu, na suruali za kitambaa laini kinachovutika alichokifuata mpaka Mtwara. Mgongoni mwa mama alishona namba kumi na moja kwa nyuzi mbilimbili. Siku ya mechi bibi alivaa kanga yake ya kutokea akasema na yeye anakwenda. Tukashangaa. "Nataka kuona kama hiyo suruali inafika kwenye vifundo," akasema. Baba akambebea kigoda.

Mji mzima ulikuwa pale. Watoto walikaa juu ya ukuta wa shule, wanaume walipanda magari ya mizigo, akina mama wa sokoni walikuja na mabeseni yao wakayageuza ngoma. Kulikuwa na harufu ya korosho za kuchoma na ya vumbi lililomwagiwa maji. Basi la Pemba likasimama, wakateremka mmoja mmoja na raba zao nyeupe. Lúcia aliposhuka, uwanja ukazomea. Alikuwa amenyoa nywele. Alitazama chini, akafunga kamba za raba ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Wale wa Maputo walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Mmoja wao, mwenye mabega ya mbeba magunia, alipewa kazi ya kumkaba mama, na alimkaba kwa viwiko. Robo ya kwanza tuliachwa mbali. Ya pili tukakaribia. Mapumziko mama alikunywa maji, akaangalia upande wetu, na baba akainua sindano yake juu, sijui kwa nini, ndicho alichokuwa nacho mkononi. Mama akacheka na meno yote.

Robo ya tatu na ya nne ndizo nilizotaka watu wazisikie matangani. Mama alikuwa na miaka thelathini na zaidi, amezaa, amenyanyua barafu asubuhi ileile kwa sababu Ijumaa samaki ni wengi. Aliruka na yule wa Maputo mara moja, mbili, tatu, na mara ya nne yule wa Maputo hakuruka tena. Kila mpira uliogonga ubao ulikuwa wake. Alifunga kwa mkono wa kulia, alipokabwa akafunga kwa wa kushoto. Mabeseni yalilia hivi kwamba sikusikia sauti yangu mwenyewe. Bibi aliniuliza, "Sasa huyu anayeingiza kila saa ni nani?" Nikamwambia, "Bibi, ni mama!" Akasogeza kigoda mbele.

Ikabaki chini ya nusu dakika. Tulikuwa mbele kwa pointi moja. Mpira ulikuwa juu ya mstari wa pembeni, mbele yetu kabisa, mama na Lúcia wote wawili wameunyooshea mikono, na ukatoka nje. Refa akaelekeza kwetu. Mpira wa Pweza. Ilikuwa ni kuushika tu, sekunde ziishe, na kikombe kibaki Mocímboa.

Lúcia akamwendea refa. "Sikuugusa," alisema, na mikono ameifunua. "Wallahi sikuugusa." Yeye Mkristo, aliapa kiapo chetu, kwa kuwa amekulia kwetu.

Uwanja mzima ukamzomea. Mwongo! Msaliti! Nenda na gesi yako! Ganda la chungwa likamwangukia begani. Na mimi, haya yangu niyaseme, na mimi nilizomea. Nilimzomea Lúcia ambaye alinifundisha kusuka.

Mama alikuwa ameushika mpira, yuko tayari kuurusha ndani. Akatazama ule umati. Kisha akamwendea refa, akampa mpira mkononi.

"Hakuugusa," akasema. "Umetoka kwangu."

Sijawahi kusikia watu elfu wakinyamaza kwa pamoja namna ile. Refa alimtazama, akauliza tena, na mama akainua kidole chake cha kati, kile kilichougusa mpira, akamwonyesha. Refa akageuza mkono. Mpira wa Pemba. Wakaurusha kwa yule mwenye mabega, mama akaruka naye, na naapa aliruka kadiri alivyoruka daima, lakini mpira ulikuwa umeshamtoka mwenzake mikononi. Ule wavu wa dagaa ukapumua. Filimbi ikalia. Tumefungwa kwa pointi moja.

Kimya kile kiliendelea. Bibi akageuka huku na huku kwenye kigoda chake. "Mbona watu wamenyamaza? Kuna nini?"

Mwanamume mmoja nyuma yetu akamjibu kwa hasira, "Mkweo ametuuza, bibi! Refa katupatia mpira, yeye kasema si wetu!"

"Ulikuwa wenu?"

"Haukuwa wetu, lakini—"

"Sasa mlitaka aseme nini?" bibi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu asiyeujua mchezo na anayetaka kufundishwa. Yule mwanamume akashuka kwenye gari la mizigo akaenda zake.

Lúcia hakurudi na basi jioni ile. Alikula kwetu wali wa nazi na samaki, amekaa kati ya mama na bibi, na hakuna aliyezungumza habari ya mpira. Mimi nilikula nimegeukia ukuta. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Shuleni waliniimbia wimbo wa mama aliyewapa wageni mpira, na kwenye chuo cha Kurani nilisukumwa. Nilikataa kuwekewa mkono baridi shingoni. Siku ya nne mama alinikuta chini ya mlimao nimenuna, akakaa karibu, miguu yake ikafika mbali kuliko kivuli.

"Bado umenikasirikia?"

"Tungeshinda."

"Tungeshinda, ndiyo. Na mimi nilitaka kushinda kuliko wewe. Magoti haya yanajua." Akaokota limau, akalinusa. "Lúcia alisema kweli, na watu wote wale wakamwita mwongo. Amebaki mtu mmoja tu aliyejua. Ulitaka mtu huyo anyamaze?"

Nilikuwa na miaka tisa, na kikombe nilikuwa nimeshakitengea mahali, juu ya kabati ya vyombo. Lakini neno lile liliingia, likakaa, na limenisumbua katika kila jambo nililolifanya ukubwani. Aliyeumaliza ule wimbo shuleni alikuwa bibi. Alikuja mwenyewe na bakora yake mpaka getini, akawataka waimbaji wauimbe mbele yake. Hakuna aliyeukumbuka tena.

Mwezi uliofuata Injinia akatuma salamu: nafasi ya jikoni bado ipo, na timu bado inamtaka. Mama akaenda mwenyewe bandarini, kwenye uwanja wa mizigo wa kampuni, lakini hakuuliza jiko. Aliuonyesha ule mtambo wenye meno mawili mbele unaoinua makasha, sisi tuliuita empilhadora, akasema anataka kujifunza kuuendesha, na kuchezea ataendelea kuchezea Pweza. Wakacheka. Jumatatu iliyofuata akarudi. Wakacheka kidogo. Jumatatu ya tatu msimamizi wa uwanja, mtu mzima kutoka Beira, alimuuliza kwa nini anadhani ataweza. Mama akamwambia, "Miaka kumi napanga barafu. Najua kitu kizito kinataka kukaa wapi." Msimamizi akampa kitabu cha maelekezo, cha Kireno, kurasa nyingi, akamwambia akikielewa arudi kufanyiwa mtihani.

Mama hakuweza kukisoma. Niliweza mimi, kwa shida, kwa Kireno changu cha darasa la nne. Kila alasiri kabla ya mazoezi tulikaa barazani, mimi nasoma neno, baba anatafuta maana yake kwa mafundi wa gereji, mama analirudia mpaka linamkaa. Uzito. Mizani. Breki. Angalia nyuma kabla hujarudi nyuma. Ndivyo nilivyoanza ualimu, ingawa sikujua. Na katika siku zile, kitabu kiko magotini kwetu, niligundua kwamba hasira yangu imeisha na sikumbuki iliishia ukurasa gani.

Alifaulu, wakampa kazi na Pweza wakamwachia. Aliniambia matokeo kwa kuniwekea kiganja shingoni, na kilikuwa na joto.

Dirisha la darasa letu lilitazama uzio wa bandari. Asubuhi moja tulikuwa tukisoma ile mito ya Msumbiji, kutoka kaskazini kwenda kusini, tukasikia mngurumo na mlio mwembamba wa mtambo unaorudi nyuma. Wavulana wakakimbilia dirishani, mwalimu akawafuata kwa rula, na yeye akasimama. Ng'ambo ya uzio empilhadora ya manjano ilikuwa imeinua kasha kubwa kuliko duka la Mzee Bacar, inalipeleka polepole, haitikisiki. Juu yake alikaa mwanamke, mgongo umenyooka, kofia ngumu juu ya mtandio, kichwa chake karibu kiguse paa. Wanaume wote wa uwanja ule walikuwa wamesimama pembeni wakimpisha.

"Jamani," mwalimu akasema, "huyu naye ni nani?"

Nilipanda juu ya benchi, na viatu vyangu, jambo lililokatazwa, ili wote wanione. Nikavuta pumzi, nikalisema jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa sauti ambayo nadhani hata bandarini ilifika.